Ziwa Liko Jirani: Na Noah Yetu Kutoka Shinyanga Hadi Chato

Watoto wengi wa Shinyanga huiona bahari ya Zanzibar kwenye televisheni kabla hawajaliona Ziwa Victoria kwa macho yao, ilhali ziwa hilo liko mwendo wa saa chache tu kutoka kwao. Nimewaambia wazazi wenzangu mara nyingi, kwenye vikao vya shule na hata kliniki ninakofanya kazi ya uuguzi: likizo ya ufukweni si lazima uifuate Dar es Salaam, karibu kilomita 1,000 kutoka hapa. Inatosha kuwa na gari zima, chakula cha njiani na mzazi anayezijua tabia za ziwa.

Sisi husafiri kwa Noah. Barabara zetu hupitiwa na watalii wenye magari makubwa yenye kitanda, jiko na hata choo ndani, nyumba kamili inayotembea. Noah haina hayo, lakini ikishaegeshwa na viti vya nyuma kukunjwa, godoro jembamba linatandikwa na watoto wanalala mchana bila taabu. Gari likiwa kwenye mwendo, kila mtoto yuko kwenye kiti chake na mkanda amefunga. Hilo kwangu halina mjadala.

Mama mkwe hukaa mbele kwa sababu ya magoti. Pacha wetu na mdogo wao hukaa katikati pamoja nami. Nyuma tunapakia dumu la maji, mkeka, chandarua, mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake, sufuria, hotpoti la wali wa Kahama na mfuko wa michembe. Mama mkwe hasafiri bila michembe. Anasema viazi vilivyokaushwa vizuri havijawahi kumwangusha mtu njiani, na sijaona sababu ya kumbishia.

Siku moja kabla, baba watoto hulipeleka gari kwa fundi: breki, taa, maji ya rejeta, upepo wa tairi, na spea pia. Tunaondoka alfajiri. Kwenye makazi ya watu mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wenye tochi za kupima mwendo wako kazini mapema. Anayewapenda watoto wake hasubiri tochi ndipo apunguze mwendo.

Safari yenyewe ni darasa. Ukifika Maganzo uko jirani na Mwadui, ambako mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi mwaka 1940. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Princess Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Pacha wanapenda kuuliza kwa nini haikubaki Shinyanga. Baba yao huwajibu kwa kirefu, na mazungumzo hayo hutufikisha Misungwi.

Usagara tunaiacha njia ya Mwanza mjini na kushika ya Kigongo. Zamani hapa safari ilikuwa inasimama. Mama mkwe anakumbuka foleni za kivuko, malori yamejipanga, wagonjwa wanasubiri ndani ya magari na akina mama wanauza samaki dirishani. Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu, linalounganisha Kigongo na Busisi. Sasa tunavuka kwa dakika chache. Tulipopita juu yake mara ya kwanza, mama mkwe aliteremsha kioo, akatoa mkono nje na kuacha upepo wa ziwa uupige mpaka tulipogusa Busisi. Hakusema neno, naye si mtu wa kunyamaza.

Baada ya Sengerema unaingia Geita, nchi ya dhahabu. Mgodi wa enzi za ukoloni ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Kando yake wapo maelfu ya wachimbaji wadogo wanaoshuka kwenye mashimo yaitwayo maduara, wanaopandisha mawe, wanaoyasaga kwa karasha na kukamata dhahabu kwa zebaki. Watoto wangu wanajua kwamba mvuke wa zebaki ni sumu na kwamba shimo la zamani lililojaa maji si bwawa la kuogelea. Mambo hayo nataka wayasikie kwangu, wakiwa wanayaona.

Tunapita Katoro na Buseresere, halafu tunashuka Chato. Pale ziwa linafunguka lote. Lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, na karibu nusu yake ni ya Tanzania. Mdogo wa pacha alilitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mama, ng'ambo iko wapi?" Tukatandika mkeka kivulini, tukaagiza sato wa kukaanga, tukambandulia yule mdogo minofu, na michembe ikazunguka. Waliokuwa mkeka wa jirani wakagawiwa pia.

Kuhusu kuingia majini naongea kama muuguzi. Ziwa lina kichocho, ugonjwa unaoletwa na mnyoo. Mayai ya mnyoo huyu hutoka na kinyesi cha mgonjwa, na aina nyingine hutoka na mkojo. Yakifika majini huanguliwa, vimelea huingia kwenye konokono, hukua humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Huhitaji kuwa na kidonda wala kunywa maji ili kuambukizwa. Hatari ni kubwa zaidi penye maji yaliyotulia na majani, hasa jua likiwa kali. Kujifuta haraka si kinga ya kutegemea. Ugonjwa usipotibiwa hukaa miaka mingi na unaweza kuharibu ini.

Kwa hiyo watoto wangu hucheza mchangani, na wakitaka kuogelea tunatafuta hoteli yenye bwawa lililotiwa dawa. Kama mtoto wako ameingia ziwani, usiogope wala usimpige. Baada ya wiki sita hadi nane mpeleke akapimwe, kwa sababu ukipima mapema mno mayai hayaonekani. Dawa ipo, inaitwa praziquantel, na inatibu. Waulizeni pia wavuvi kuhusu viboko na mamba, maana wao ndio wanaolijua eneo lao.

Ukipanda mtumbwi au boti, kila mtu avae boya, hata kama maji ni shwari. Tulizika watu wengi meli ya MV Bukoba ilipozama katika ziwa hili mwaka 1996 na kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018. Mwenye boti asiye na maboya ya kutosha, mshukuru na ushuke.

Wenye siku ya ziada waende Muganza, wavuke kwa boti hadi Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyotangazwa mwaka 1977. Wapo sokwe, kizazi cha wale walioletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969, pamoja na tembo, twiga na ndege wengi. Mtanzania hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nje.

Daraja limetufungulia njia, na watu wa Shinyanga watazidi kuja. Ndiyo maana naziomba halmashauri za kando ya ziwa na wenye fukwe waanze na choo safi na bomba la maji kabla ya muziki na viti vya plastiki, kwa sababu mnyororo wa kichocho hukatwa chooni. Nanyi wazazi, msisubiri hela ya Zanzibar. Likizo ijayo ipelekeni Noah kwa fundi, fungasheni michembe, mwende mkawaonyeshe watoto ziwa lao.