Majibu ya damu yanapodanganya: sindromu ya umetaboli Shinyanga na Geita

Sindromu ya umetaboli si ugonjwa mmoja wenye kijidudu chake, bali ni mkusanyiko wa hitilafu tano ambazo, zikipatikana tatu kwa mtu mmoja, humweka katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha aina ya pili, kiharusi na ugonjwa wa moyo. Kwa mujibu wa makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2009, hitilafu hizo ni kiuno kilichozidi kipimo; shinikizo la damu kuanzia 130 kwa 85; sukari ya kabla ya kula kuanzia milimoli 5.6 kwa lita; trigliseraidi, yaani mafuta yanayosafiri katika damu, kuanzia milimoli 1.7; na upungufu wa HDL, ile inayoitwa lehemu njema, chini ya 1.0 kwa mwanamume na 1.3 kwa mwanamke. Tatu kati ya hizo ndizo zinazohitaji damu, ilhali mbili zinahitaji utepe wa fundi cherehani na mashine ya presha, na hesabu hiyo rahisi ndiyo inayosahauliwa na wakazi wa Kahama, Katoro na Geita mjini wanaofika maabara wakiomba kupimwa damu ya mwili mzima na kuondoka wakiwa wameridhika kabisa na karatasi waliyopewa.

Kuridhika huko kuna hatari, kwa sababu viwango vinavyochapwa pembeni mwa majibu viliwekwa kwa kutazama zaidi damu za watu wa Ulaya na Marekani, wasiougua malaria na ambao wengi wao hawana kinasaba cha seli mundu.

Wapo bado wanaodai kwamba maradhi haya ni ya matajiri wa Dar es Salaam na kwamba mchimbaji wa dhahabu hawezi kuyapata kwa kuwa anatoka jasho. Utafiti wa Profesa Donald McLarty na wenzake, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikikuta kwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64, huku takriban robo yao wakiwa na shinikizo la juu la damu. Mbinu za tafiti hizo mbili hazikuwa sawa, hivyo tofauti yote isihesabiwe kuwa ni ongezeko, ila mwelekeo wake hauna ubishi. Isitoshe, si kila anayeishi kwa dhahabu anashika sururu: mwendesha karasha, yaani mashine ya kuvunja mawe, husimama mahali pamoja, dereva wa gari kubwa la mgodi hukaa kitini zamu nzima, na chakula kinachowafikia wote hao usiku ni chipsi na soda, si ugali wa mtama na mlenda. Wengine husingizia zebaki inayotumiwa kukamatia dhahabu. Zebaki hudhuru neva na figo, na mvuke wake hupimwa zaidi kwa mkojo, lakini haifai kutumiwa kama kisingizio cha kitambi.

Kipimo kinachoaminiwa kupita kiasi ni HbA1c, ambacho hupendwa kwa sababu mgonjwa halazimiki kufunga na majibu yake huonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu. Msingi wake ulitokana na kazi ya Samuel Rahbar, aliyeona mjini Tehran mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba hemoglobini ya wagonjwa wa kisukari ilikuwa na sehemu isiyo ya kawaida. Baadaye ilieleweka kwamba glukosi hujibandika yenyewe, bila msaada wa kimeng'enya chochote, kwenye ncha ya mnyororo wa beta wa hemoglobini, na ikishatulia hapo haibanduki mpaka chembe nyekundu ife, jambo ambalo kwa kawaida huchukua takriban siku 120. Kwa hiyo chembe nyekundu ni mithili ya daftari la madeni la muuza duka, ambalo husomwa mwisho wa miezi minne ili kujua mteja alikopa kiasi gani. Daftari likichanwa baada ya mwezi mmoja na kuanzishwa jipya, deni litaonekana dogo ingawa mteja ni yuleyule na mikopo yake ni ileile.

Daftari hilo huchanwa mara nyingi katika Kanda ya Ziwa. Malaria hupasua chembe nyekundu, na uboho wa mifupa hujibu kwa kumwaga chembe changa ambazo hazijakaa na sukari vya kutosha, hivyo HbA1c inayopimwa wiki chache baada ya homa huweza kushuka bila sukari yenyewe kushuka. Hali kadhalika, sampuli za watoto wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania zilizochunguzwa katika Hospitali ya Bugando zilionyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watano hubeba kinasaba kimoja cha seli mundu, hali isiyo ugonjwa lakini inayoweza kugusa kipimo: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulikuta kwamba kwa kiasi kilekile cha sukari, wabebaji walisoma wastani wa asilimia 5.7 pale ambapo wenzao walisoma 6.0. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambacho huilinda chembe nyekundu dhidi ya kuchakaa mapema, hushusha zaidi, na utafiti mwingine wa mwaka huohuo ulikadiria mteremko wa takriban 0.8 kwa wanaume wenye kinasaba chake cha Kiafrika. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2011 mpaka wa kisukari kuwa asilimia 6.5; mwanamume ambaye angestahili kusoma 6.9 anaweza basi kurudishwa nyumbani na 6.1 na kuambiwa yu salama. Kwa upande mwingine, upungufu wa madini ya chuma, ulio mwingi kwa wanawake, huweza kupandisha kipimo hichohicho.

Trigliseraidi nazo zina hadaa yake. Katika maelezo ya kawaida, yaliyopata umaarufu baada ya mhadhara wa mtafiti Gerald Reaven wa mwaka 1988, mwili ukiwa sugu kwa insulini, ini humwaga mafuta mengi zaidi katika damu, na wakati huohuo kimeng'enya cha lipoprotini lipezi, kinachokaa kwenye kuta za mishipa midogo na kazi yake ni kuyavunja mafuta hayo ili yaingie katika misuli na tishu, hulegea. Mafuta yanajaa, nayo HDL hupungua. Ila watafiti wa Marekani, akiwemo Anne Sumner, waliowachunguza Wamarekani weusi na wahamiaji kutoka Afrika, walionyesha kwamba kwao kimeng'enya hicho huelekea kuendelea kufanya kazi hata usugu wa insulini unapokuwapo, kwa hiyo mafuta huondolewa na majibu husomeka vizuri ilhali kongosho linahangaika. HDL, kinyume chake, huweza kushuka hata kwa sababu ya maambukizi peke yake, malaria ikiwamo, na hivyo mtu mwembamba aliyetoka kuugua huweza kuonekana mbaya kuliko mwenye kitambi aliyekuwa mzima siku ya kupimwa.

Hata sukari ya kabla ya kula inaweza kuharibikia njiani. Damu ikikaa kwenye kichupa, chembe zake huendelea kula glukosi kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa katika joto la kawaida la chumba, na kichupa chenye floridi hakiuzuii ulaji huo papo hapo bali huchukua saa moja au mbili. Sampuli ya zahanati ya kijijini inayosubiri usafiri tangu asubuhi hadi jioni ikafike mjini kwa pikipiki, bila barafu, ni bora isipimwe kabisa.

Makosa hayo yote, hata hivyo, ni ya sayansi inayojua mipaka yake, na hayalingani na biashara ya mashine za kushika mkononi zinazozungushwa minadani, ambazo bila tone la damu huchapa kurasa kadhaa kuhusu lehemu, ini na kongosho, na kwa bahati ya ajabu kila hitilafu inayotajwa ina chupa yake ya virutubisho juu ya meza ileile. Umeme mdogo unaopita kiganjani hubadilika kwa jasho na kwa nguvu ya mshiko, wala haubebi habari yoyote ya trigliseraidi. Wauzaji wa mizizi nao hufundisha kwamba uchungu wa mwarobaini na shubiri hufuta utamu ulio katika damu, kana kwamba mishipa ina ulimi. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kilichodaiwa kuponya hata kisukari, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Funzo hilo lilipaswa kutosha.

Kwa anayetaka kupimwa, kiuno kipimwe kwanza, na sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke zichukuliwe kuwa onyo, kisha presha ipimwe akiwa ametulia. Damu itolewe asubuhi baada ya saa 8 hadi 12 za kutokula, maji yakiruhusiwa na pombe ikiepukwa tangu jana yake, na isitolewe wakati wa homa. Aliyeugua malaria au kuongezewa damu katika miezi mitatu iliyopita, au anayejua kwamba ana kinasaba cha seli mundu, aliseme hilo kabla ya kupimwa HbA1c, na aulizie kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi, ambacho sukari ikifika milimoli 11.1 baada ya saa mbili huhesabiwa kuwa kisukari na kuanzia 7.8 huhesabiwa kuwa dalili kwamba kisukari kiko njiani. Jibu baya la mara moja kwa mtu asiye na dalili hurudiwa siku nyingine kabla ya kuanza dawa, na jibu zuri la mwenye kiuno cha sentimita 110 hurudiwa pia.