Njia ya Moto Iliyopandwa Viazi

Jumamosi iliyopita nilihudhuria mkutano wa chama cha majirani, huku kwetu magharibi ya Mlima Kenya, mahali mashamba yanapokoma na msitu wa Serikali unapoanza. Mkutano uliitwa saa nne asubuhi. Ulianza saa tano na nusu, na msomaji yeyote aliyepata kuhudhuria mkutano wa kijiji hatashangaa. Tulikaa katika darasa la shule ya msingi, watu wazima juu ya madawati ya watoto, magoti yakikaribia kugusa videvu. Mimi niliombwa kuandika kumbukumbu, kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani katika ofisi ya kilimo, na watu hudhani kwamba mtu aliyepata kushika chaki hawezi kukosa mwandiko mzuri.

Karatasi ya mkutano ilikuwa na mambo manne: daraja la mbao la kijito, josho la ng'ombe, malipo ya maji ya bomba, na mwisho kabisa, moto. Kwa miaka yote niliyoandika kumbukumbu hizo, moto umekaa mwisho. Watu huzungumza habari za maji mpaka saa saba, njaa huuma, kisha mwenyekiti husema, "Na kuhusu moto, sote tuwe waangalifu," mtu huomba dua na watu huenda zao. Safari hii mambo hayakuwa hivyo. Kwa hiyo nimeona yafaa niwaeleze wakulima wenzetu wanaokaa kando ya misitu ya Aberdare, Mau, Cherangany na Mlima Elgon, maana jambo hili si letu peke yetu.

Mwenyekiti alipofungua tu mkutano, mama mmoja mjane alisimama. Alisema, "Bwana Mwenyekiti, mimi sina ng'ombe wa kupeleka joshoni tena. Naomba moto uanze." Watu wote walijua habari yake. Mwezi wa Februari mwaka jana, moto ulitoka msituni alasiri, ukavuka mpaka, na cheche zikaanguka juu ya banda lake la nyasi kavu. Ndama wawili walikuwa wamefungwa ndani. Mama yule hakulia wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Moto ule ulipita pale mlipolima. Simtaji mtu." Kisha akaketi, na kwa kitambo ilisikika sauti ya kalamu yangu tu.

Yanipasa nieleze hapa alilosema. Kati ya msitu na mashamba yetu kuna ukanda wa ardhi ambao wazee huuita njia ya moto. Zamani ulikuwa mpana wa kutosha kupitisha lori, nao ulilimwa kila mwaka kabla ya kiangazi, nyasi zikaondolewa mpaka udongo mtupu ukaonekana. Moto ukifika kwenye udongo mtupu hukosa chakula. Tena watu hupata mahali pa kusimama na kupigana nao, na pa kukimbilia wakishindwa. Lakini ardhi haba haivumilii kuonekana tupu. Mmoja wetu alipanda mistari michache ya viazi. Jirani akaona, akapanda naye. Baadaye ikaja shayiri, halafu mahindi, halafu ua wa nguzo na fito ili kondoo wasiingie. Mwaka jana lori la maafisa wa misitu lilipokuja halikuweza kupita, likageuka. Ningependa kuandika kwamba familia yangu haikuwamo katika jambo hili, lakini mistari sita ya viazi vile ilikuwa ya kaka yangu, nami nilivila.

Basi mabishano yakaanza. Mzee mmoja aliyelima huko alisimama akasema kwamba viazi haviungui, na kwamba shamba lililopaliliwa vizuri huzuia moto kuliko nyasi zilizoachwa. Wengine walimcheka. Mimi sikucheka, kwa maana maneno yake yalikuwa na ukweli ndani yake. Shamba la viazi mabichi, lililopaliliwa, haliwaki kwa urahisi. Shida ni kalenda. Kwetu miezi mikavu ni Januari mpaka Machi, na wakati huo viazi vilivyopandwa kwa mvua za Oktoba vimekwisha kung'olewa au vimo karibu kung'olewa. Majani yamekauka, magugu yameota na kukauka nayo, na mwenye shamba amehamia kazi nyingine. Shayiri iliyokomaa na mabua ya mahindi ndiyo mabaya zaidi. Hayo ni kuni zilizopangwa kwa mistari. Na ule ua wa fito ni daraja la moto kutoka msituni hadi shambani.

Afisa wa misitu, ambaye wazee bado humwita Bwana Msitu, alikuwa amealikwa. Alisikiliza kwa muda mrefu kisha akasema maneno machache. Njia ile, alisema, si ya chama kuigawa wala si ya mtu kuirithi. Ni sehemu ya msitu. Akatukumbusha pia sheria ambayo wengi wetu huikumbuka upande mmoja tu. Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyowapa watu wanaokaa kando ya misitu nafasi ya kuunda vyama na kushirikiana na Shirika la Misitu, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 ikaendeleza jambo hilo. Chama kikiwa na mapatano na Shirika, wanachama waweza kupewa ruhusa ya kukata nyasi, kulisha mifugo, kuokota kuni, kurina asali na kuchuma dawa. Haya twayajua kama tunavyojua majina ya watoto wetu. Lakini sheria hizo hizo zataja na kazi ya chama, na moja ya kazi hizo ni kusaidia kuzima moto. Mtu hawezi kuchukua majani ya ng'ombe msituni asubuhi na jioni akasema moto ni wa Serikali.

Hapo kijana mmoja wa bodaboda akauliza swali lililowanyamazisha wakubwa. "Mwaka jana tulipanda kuzima moto, sisi vijana, na viatu vya plastiki. Mmoja wetu aliungua mguu. Nani alimlipia hospitali?" Mweka hazina alitazama kitabu chake. Hakuna aliyelipa. Mama yake aliuza mbuzi. Kwa maoni yangu swali hili lilikuwa zito kuliko hotuba zote za siku ile, nami nimeliandika katika kumbukumbu kama alivyolisema.

Labda msomaji atasema kwamba hofu yetu imezidi. Machi 2012, nilipokuwa bado kijana wa chuo, niliuona Mlima Kenya ukiwaka. Usiku ilikuwa kama mkufu mwekundu juu mlimani, na asubuhi tulikuta majivu juu ya nguo zilizoanikwa. Mlima uliwaka tena mwanzoni mwa 2019, na Februari 2022 ikawa zamu ya Aberdare. Jirani zetu wa Tanzania nao waliona Kilimanjaro ikiwaka Oktoba 2020, mamia ya watu wakapanda kupambana na moto kwa matawi na majembe. Na mito ya mashamba yetu, Naro Moru, Burguret na mingineyo, yote huanzia huko juu. Nyasi na vichaka vya huko hushika maji kama sifongo, kisha huyaachia polepole wakati wa kiangazi. Vikiungua, mkulima wa chini ambaye hakuona hata moshi ataona mfereji wake umekauka.

Moto hautoki msituni tu. Siku nyingi huanzia kwetu. Mtu huchoma mabua shambani saa sita mchana, upepo ukaja, naye hana hata debe la maji. Mrina asali huacha mwenge wa moshi chini ya mti. Mchoma makaa hukimbia askari na kuacha tanuri likiwaka. Hapa niliombwa nieleze mwendo wa moto, nami nikachora mlima ubaoni kama siku za darasani. Moto hupanda mlima upesi kuliko unavyoshuka, kwa kuwa ndimi zake huinama na kuzikausha nyasi zilizo juu yake kabla ya kuzifikia. Watu wenye elimu ya moto wana kanuni kwamba kila mteremko ukizidi kwa digrii 10, mwendo wa moto unaopanda huongezeka karibu mara mbili. Kwa hiyo mtu asisimame kamwe juu ya moto unaopanda, hasa ndani ya korongo. Mchana upepo hupanda mlima, usiku hugeuka ukashuka, na hewa ikapoa na kuwa na unyevu. Ndiyo maana alfajiri ni saa nzuri ya kupigana na moto, kwa maana umelala chini. Na saa nane mchana ni saa mbaya kupita zote.

Tulizungumza sana juu ya vyombo. Watu wengi huwaza gari la kuzima moto. Katiba ya 2010 imeiweka kazi ya kuzima moto mikononi mwa serikali za kaunti, na ni haki yetu kudai gari hilo. Lakini gari liko mjini, na moto uko hapa. Vyombo tulivyo navyo ni mapanga, majembe, matawi mabichi, magunia yaliyoloweshwa, na mabomba ya mgongoni tunayotumia kupigia viazi dawa. Bomba la lita 16 au 20 lililojaa maji laweza kuzima visiki na cheche ambazo tawi haliziwezi. Lakini lioshwe kwanza mara tatu kwa maji safi, kwa maana mabaki ya dawa hudhuru mtu yakipata joto na moshi, na dawa nyingine zenye mafuta huwaka. Ilikubaliwa kila nyumba kumi ziweke mabomba mawili yaliyooshwa kuanzia mwezi wa Januari, na pipa la maji lisilotumika kwa kazi nyingine. Akina mama walicheka waliposikia pipa lisilotumika. Tutaona.

Juu ya nyumba zenyewe sitasema mengi, maana kila mtu aweza kuzunguka boma lake akaona. Nyasi kavu na mabua ya ng'ombe yawekwe mbali na nyumba na mbali na zizi. Ua wa misipresi unaogusa paa ukatwe. Mti huo una mafuta na huwaka kama mshumaa. Na majani makavu katika mifereji ya mabati yaondolewe, kwa kuwa nyumba nyingi hazishikwi na ule ukuta wa moto bali na cheche iliyoruka na kupata mahali pa kulala. Banda la yule mama lilishikwa na cheche. Ndimi za moto hazikufika huko kamwe.

Ndipo mwalimu mkuu akaleta habari ya daraja. Alisema jambo la kwanza na la nne ni jambo moja. Gari la kuzima moto haliwezi kupita juu ya daraja lile la mbao, na njia yetu ya kutoka ni hiyo moja tu. Alitueleza habari za mji wa Paradise, katika jimbo la California huko Marekani, ambako tarehe 8 Novemba 2018 moto uliwaua watu 85 na kuteketeza majengo zaidi ya 18,000 katika mji na vijiji vya jirani. Walikuwa na magari ya moto, simu na barabara za lami. Lakini barabara za kutoka zilikuwa chache, watu wote wakaondoka saa moja, na magari yakakwama. "Sisi tuna daraja la mbao na punda," alisema.

Kura ilipigwa kwa kuinua mikono. Wenye viazi katika njia ya moto watavivuna, na kufikia tarehe 15 Januari ukanda wote uwe umelimwa na kuwa mtupu, kwa kazi ya pamoja, Bwana Msitu akisimamia mpaka. Hakuna atakayepanda tena. Ua wote ung'olewe sasa. Shilingi 50 kwa kila nyumba kila mwezi ziwekwe katika mfuko wa vijana watakaopanda motoni, zinunue mabuti kwanza, kisha zibaki za matibabu. Mzee wa viazi alipinga mpaka mwisho, na kupinga kwake kumeandikwa, kama inavyostahili. Mama mjane aliombwa ashike ufunguo wa sanduku la mfuko. Alikataa mara mbili, akakubali mara ya tatu.

Ilikuwa saa tisa. Malipo ya maji na josho yaliahirishwa mpaka Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na juu ya daraja niliagizwa kuiandikia kaunti barua, ambayo nimekwisha kuipeleka na nakala ninayo. Siku ya Jumatatu watu walianza kung'oa nguzo. Kaka yangu aling'oa zake. Nguzo mbili za kona bado zimesimama, na mwenyewe ameniambia atazitoa akishapata mahali pengine pa kuwafungia kondoo.