Motokaa ya Umeme na Mlima wa Lerai

Mwezi uliopita kijana mmoja, jirani yangu hapa Karatu, alinijia jioni na simu mkononi. Kazi yake ni udereva wa kuwapeleka watalii Ngorongoro na Serengeti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Habari za porini?"

Hakujibu habari za porini. Akanionyesha picha ya motokaa nyeupe ya Tesla, iliyokwisha kutumika Uingereza, nayo inauzwa kwa bei ambayo miaka michache iliyopita mtu angaliiona katika ndoto tu. Fedha anazo. Amekuwa akiziweka katika chama cha akiba na mikopo tangu watalii waliporudi baada ya ugonjwa wa korona, na mkewe ameongeza za vitunguu vya Mang'ola. Nia yake ni kuifanya teksi ya Karatu na Arusha. "Mbona imeshuka hivi?" akaniuliza. "Ni mbovu, au wenyewe wameichoka?"

Kwa kuwa najua wako na wengine wanaojiuliza hivyo hivyo, nimeona niandike hapa yale niliyomjibu.

Tesla ni kampuni ya Marekani. Mwaka 2023 iliuza motokaa zaidi ya milioni 1.8 duniani kote. Mwaka 2024 hesabu ilipungua kidogo, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka mingi, na mwaka 2025 ikashuka tena mpaka kama milioni 1.64. Mwaka huo huo kampuni ya Kichina iitwayo BYD iliuza motokaa za umeme mtupu kama milioni 2.26, ikawa imeipita.

Watu wengi husema sababu ni mkuu wa kampuni, Bwana Elon Musk, mzaliwa wa Pretoria, Afrika ya Kusini. Katika uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2024 alitoa zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Bwana Trump, kisha tangu Januari mpaka mwisho wa Mei 2025 akawa mstari wa mbele katika kazi ya kupunguza watumishi na matumizi ya serikali. Shirika la USAID lilikuwa miongoni mwa yaliyovunjwa. Habari hiyo haikuwa ya mbali kwetu Afrika Mashariki, maana fedha zile zilipokatika, watumishi wengi wa kliniki za Ukimwi walijikuta nyumbani bila mshahara, na wagonjwa wakabaki wakiuliza dawa za mwezi ujao zitatoka wapi. Huko Ujerumani aliunga mkono hadharani chama cha AfD kabla ya uchaguzi wa Februari 2025. Watu wakasimama na mabango mbele ya maduka ya Tesla, wengine (nao walikosa sana) wakazichoma motokaa moto. Katika mwaka huo Wajerumani walionunua Tesla walipungua karibu nusu.

Hata hivyo mimi sikubali kwamba ni hasira peke yake. Norwei nako walisikia maneno yale yale, lakini mwaka 2025 Tesla iliuzwa kule kwa wingi kuliko mwaka uliotangulia. Na Marekani kwenyewe, Serikali ilikuwa ikimpunguzia kodi hadi dola 7,500 mtu anunuaye motokaa ya umeme. Msaada huo ulikoma tarehe 30 Septemba 2025. Tena Wachina hawakulala. BYD ilianza mwaka 1995 mjini Shenzhen kwa kutengeneza betri, nayo betri ndiyo kitu cha ghali kuliko vyote katika motokaa hizi. Anayejitengenezea betri aweza kushusha bei pasipo kuumia. Mwaka 2011 Bwana Musk aliulizwa na mtangazaji kuhusu BYD, akacheka.

Sisi wa Karatu tumekwisha kuyaona mambo kama hayo kwa macho yetu. Zamani gari la porini lilikuwa Landrova tu, hata watoto waliita kila gari refu kwa jina hilo. Oktoba 2024 zilipokusanyika Arusha kwa tamasha lao, wazee walizisindikiza kwa macho kama mtu aonaye rafiki wa ujana. Hakuna aliyezichukia. Lakini kampuni za watalii zilikuwa zimekwisha hamia Toyota siku nyingi, kwa kuwa spea za Land Cruiser, au mkonga kama vijana wanavyoiita, hupatikana kila mahali, na fundi wa gereji yo yote aweza kuifungua hata usiku. Simama langoni Lodoare asubuhi uhesabu, utaona mwenyewe.

Basi je, umeme utapanda mlima wetu? Kampuni moja ya utalii, Mount Kilimanjaro Safari Club, ilianza mwaka 2018 kutumia gari la safari la umeme huku kaskazini, na Kenya wako mafundi wa kampuni ya Roam ambao wamewahi kutoa injini ya dizeli katika Land Cruiser na kuweka mota na betri. Kwa hiyo jambo lenyewe lawezekana. Nilimfanyia kijana yule hesabu kwenye karatasi kama tulivyofundishwa chuoni. Kutoka sakafu ya kreta hadi ukingoni ni kama mita 600 kwenda juu. Gari la tani 3 likipanda kwa njia ya Lerai latumia kama uniti 5 za umeme kwa kunyanyua uzito wake tu, mbali na zile za kusukuma magurudumu. Dizeli ingetumika lita moja na nusu hivi. Na jambo la kupendeza ni hili: likishuka asubuhi kwa njia ya Seneto, mota hugeuka jenereta, hulishika gari lisikimbie, na sehemu ya umeme hurudi katika betri. Gari la dizeli likishuka pale halirudishi hata tone tangini, nalo hula breki. Aidha, anayejua jinsi magari yanavyosongamana palipo na simba, injini zikinguruma na moshi ukipanda, ataelewa kwa nini dereva atamani gari lisilo na sauti.

Lakini motokaa aliyonionyesha si ya kreta. Iko chini mno, tena kule hushuka magari marefu ya kuvuta magurudumu yote manne. Ni ya lami, na lami ya kwenda Arusha na kurudi yapata kilometa 300, pamoja na kupanda ukuta wa bonde kutoka Mto wa Mbu. Betri ya uniti 60 ikichajiwa kwa soketi ya kawaida ya nyumbani huchukua zaidi ya saa 20, kama umeme hautakatika. Ni kweli kwamba bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, lakini liko mbali nasi, na Machi 2025 Serikali ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu mwingi hupotea njiani. Tesla yenyewe haina duka wala gereji hapa nchini. Ikiharibika Makuyuni, ataiita nani?

Alikaa kimya, kisha akauliza kama motokaa za Kichina nazo zitashuka bei namna hii. Nilimwambia zinashuka tayari, maana hao Wachina sasa wanashindana wenyewe kwa wenyewe, na BYD zimekwisha fika Nairobi. Ethiopia nayo tangu Januari 2024 imekataza kuingiza motokaa ndogo za petroli na dizeli, ikazifungulia mlango za umeme.

Jumamosi alikwenda kwa fundi umeme hapa mjini kuuliza gharama ya kuvuta laini kubwa mpaka kwake. Fundi hakuuliza motokaa ni ya nani wala ya nchi gani. Aliuliza, nguzo iko umbali gani na nyumba? Jioni nilimwona jirani yangu akipima barabarani kwa miguu, mkewe akihesabu kwa sauti. Walifika hatua 140, na nguzo ilikuwa bado mbele.