TUTUNZE SPRINGI NA SHOKAPU ZA MAGARI MADOGO

Siku hizi gari dogo si la mjini tu. Katika mikoa mingi ya Tanzania magari kama Toyota Probox, IST na Corolla hufika hadi vijijini. Mengine hubeba abiria, na watu huyaita michomoko. Hupeleka wagonjwa hospitali na mazao sokoni. Lakini barabara nyingi za vijijini ni za udongo na changarawe. Zina mashimo na makorongo. Vitu vinavyoumia mapema ni springi, shokapu na viungo vya magurudumu.

Wenye magari wengi wakisikia gari linagonga chini, humwambia fundi alinyanyue. Fundi huweka spesa au springi ngumu. Lakini kulinyanyua gari bovu si kuliponya. Kwanza tujue kila kifaa kina kazi gani.

Springi hubeba, shokapu hutuliza

Springi hubeba uzito wa gari. Gurudumu likiingia shimoni, springi hujikunja na kujikunjua. Kama ingekuwa peke yake, gari lingeendelea kurukaruka kama mpira. Shokapu, ambayo pia huitwa shokomzoba, huzuia kuruka huko. Ndani yake mna mafuta na pistoni yenye vitundu vidogo. Pistoni ikisukumwa, mafuta hupita kwa shida katika vitundu hivyo. Nguvu ya kuruka hugeuka kuwa joto, na gari hutulia.

Kwa hiyo, kama springi imechoka na gari limekaa chini, shokapu mpya si dawa. Na kama shokapu imekufa, springi ngumu si dawa. Gari litazidi kuruka.

Hatari iko wapi?

Shokapu ikifa, gurudumu hurukaruka badala ya kushika barabara. Gurudumu lililo hewani haliwezi kusimamisha gari. Dereva hukanyaga breki, lakini gari huenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Gari likienda kilometa 50 kwa saa, hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Mtoto akikatiza barabara, mita chache tu zaweza kuamua kama atapona au atakufa.

Bolijointi nayo ni kiungo cha kuogopwa. Hushikanisha gurudumu la mbele na mkono wa chuma wa chini. Ikichomoka, gurudumu hulala upande na dereva hawezi tena kuliongoza gari.

Dalili za kuangalia

1. Mafuta yanavuja na kushuka kwenye mwili wa shokapu.
2. Ukibonyeza pembe moja ya gari kwa nguvu na kuachia, gari linaruka zaidi ya mara mbili.
3. Tairi linalika upande mmja au linafanya mabonde.
4. Gari linavuta upande mmoja, au pembe moja imekaa chini kuliko nyingine.
5. Unasikia kugonga ukipita penye mashimo.
6. Mpira unaofunika bolijointi umepasuka. Grisi hutoka, vumbi huingia, na kiungo hulika upesi.

Ukiona hata dalili moja, mwone fundi. Shokapu za mbele zibadilishwe zote mbili pamoja. Na za nyuma vivyo hivyo. Ukibadilisha moja tu, upande mmoja utakuwa mgumu na mwingine laini. Baada ya kazi ya mbele, magurudumu yapimwe na kupangwa upya. Usipofanya hivyo, matairi mapya yataisha mapema.

Kabla ya kunyanyua gari

Spesa huliinua gari, lakini haziongezi uzito ambao gari linaweza kubeba. Gari likiwa juu sana hupinduka kwa urahisi kwenye kona. Fimbo zinazozungusha magurudumu ya mbele hukaa mshazari, na viungo vyake hulika. Vipande vya mpira vinavyobanwa katikati ya springi navyo si vizuri. Huzuia sehemu ya springi isifanye kazi, na sehemu iliyobaki huumia zaidi.

Kama unabeba mizigo kila siku, afadhali ufunge springi na shokapu zilizotengenezwa kwa ajili ya aina ya gari lako na kazi yako. Zote ziwe zinalingana. Lakini kwanza badilisha bushi na bolijointi zilizolika.

Tupunguze mzigo

Tupige hesabu. Watu 5 wenye kilo 65 kila mmoja ni kilo 325. Watu 9 ni kilo 585. Ukiongeza gunia moja la kilo 100, inakuwa kilo 685. Gari la viti vitano halikuundwa kwa mzigo huo. Hakuna springi wala spesa itakayolifanya liwe lori. Mizigo mizito iwekwe chini, si juu ya paa. Upepo wa matairi ufuate kibandiko cha gari, ambacho mara nyingi kipo kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Tujihadhari tunapotengeneza

Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi imara, na uzuie magurudumu yaliyobaki chini. Usifungue nati ya juu ya shokapu ya mbele kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake. Springi hiyo ina nguvu kubwa. Ikifyatuka yaweza kuua.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bushi iliyolika ni ufa. Iache, nayo itamaliza tairi. Bolijointi iliyolegea ni ufa pia, lakini huo hauna ukuta wa kujenga baadaye. Dereva, kagua gari lako kila wiki. Nawe abiria, ukiona gari limejaa na tairi la nyuma karibu linagusa bodi, usipande. Subiri jingine.