Faida ya Umeme Iko Kwenye Mteremko

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ina kilomita 33 hivi, na ndani ya kilomita hizo gari linapanda karibu mita 1,000. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Abiria wanatazama milima ya Usambara. Dereva masikio yake yako kwenye injini, hasa kama gari ni la zamani na limejaa. Anarudi namba mbili, na bado gari linavuta kwa shida.

Uzito ni sababu ya kwanza. Ya pili haionekani, nayo ni hewa. Injini ya petroli au dizeli haiwezi kuchoma mafuta bila oksijeni, na kila unapopanda mita 1,000 hewa inapungua kwa takriban asilimia 10. Nguvu ya injini isiyo na tabo inapungua karibu kiasi hicho hicho. Gari la kabureta ndilo linaloumia zaidi, maana linaendelea kumwaga mafuta kana kwamba bado liko Tanga mjini: moshi unakuwa mweusi, plagi zinashika masizi. Magari ya sasa yana sensa za kupunguza mafuta yalingane na hewa, lakini nguvu iliyopotea hairudi.

Mwaka 1918 mhandisi Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,300. Injini iliyokuwa ikitoa nguvu za farasi 350 huku chini ilitoa 230 tu kule juu. Moss akaifunga tabo, feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili kuishindilia hewa, na nguvu ikapanda hadi 356. Mpaka leo tabo ndiyo dawa ya mlima kwa malori ya dizeli.

Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo kwake kilele na pwani ni mamoja. Mlima huo huo umeshuhudia hilo. Mashindano ya Pikes Peak yana kilomita 20 na kona 156, na mwaka 2013 Sébastien Loeb alizimaliza kwa dakika 8 na sekunde 13 akiwa na Peugeot ya petroli, tabo mbili, farasi 875. Mwaka 2018 Romain Dumas alikuja na Volkswagen ya umeme yenye farasi 680 tu, tena nzito zaidi, akatumia dakika 7 na sekunde 57.

Rekodi hiyo imeandikwa sana. Mimi naona kinachotuhusu zaidi ni safari ya kurudi chini.

Dereva anayeshuka Lushoto na injini ya mafuta anatakiwa akae kwenye namba mbili, injini ilizuie gari. Asipofanya hivyo, au akiliachia gari lishuke kwa nyutro, kazi yote inabaki kwa breki. Zinapata moto, zinanuka, na mafuta ya breki yakichemka pedali inazama hadi sakafuni bila gari kusimama. Ajali za namba hiyo tunazisikia mno. Gari la umeme, ukiinua mguu, mota yake inageuka jenereta: inalishika gari na papo hapo inarudisha umeme kwenye betri.

Tuhesabu kwa yuniti, zile zile za Luku. Gari la tani 2 linahitaji yuniti 5 na nusu kuinua uzito wake mita 1,000, mbali na zile za mwendo wa kawaida. Likishuka linaweza kurudisha 3 hadi 4.

Sasa fikiria Fuso za mboga. Zinapanda Lushoto tupu, zinashuka zimesheheni kabichi, viazi na nyanya za kwenda Dar es Salaam. Mzigo ule, ambao leo kazi yake ni kuunguza breki, ungelipa sehemu kubwa ya umeme wa kupandia. Huko Péry, Uswisi, lori la umeme la machimbo hupanda tupu na kushuka na tani 65 za mawe, na lina uwezo wa kurudisha umeme mwingi kuliko ule liliotumia kupanda. Sisi mteremko tunao, na mzigo unashuka kila siku.

Lipo sharti moja ambalo wauzaji wa magari haya hawalitilii mkazo. Betri iliyojaa pomoni haina pa kuweka umeme, kwa hiyo gari linaloanza kushuka na betri ya asilimia 100 linapungukiwa na ule mshiko wa mota na kurudi kutegemea breki za kawaida. Anayelala Lushoto na kuchaji usiku aachie asilimia 85 au 90. Na siku vituo vya kuchaji vitakapofika njia hii, cha kwanza kijengwe Mombo, chini, ambako gari linahitaji umeme wa kupandia.