Akiba Iliyo Hai: Benki za Mbegu na Ulinzi Wake katika Nchi Jirani

Wahenga walisema akiba haiozi. Usemi huo una ukweli mwingi, lakini iko akiba moja ambayo huoza, tena huoza kimyakimya bila mwenye ghala kutambua. Akiba hiyo ni mbegu. Punje ya mtama iliyokufa hubaki na umbo lile lile, rangi ile ile na karibu uzito ule ule wa punje iliyo hai. Mara nyingi mkulima huigundua hasara hiyo baada ya kupanda, wakati mvua zimekwisha kunyesha na shamba limebaki tupu.

Ili kuzuia hasara ya namna hiyo, si kwa shamba moja bali kwa taifa zima, nchi jirani ya Kenya ilianzisha benki yake ya taifa ya mbegu mwaka 1988. Benki hiyo iko Muguga, si mbali na jiji la Nairobi. Humo zimehifadhiwa sampuli takribani 50,000, zikiwamo za mtama, wimbi, kunde, mbaazi, mboga za asili, nyasi za malisho na mimea ya porini. Tanzania nayo inayo hifadhi ya namna hiyo huko Arusha.

Huenda baadhi ya askari wakajiuliza benki kama hiyo inawahusu nini wao, ambao wamekabidhiwa ulinzi wa mipaka na usalama wa raia. Jibu limo katika historia ya miaka ya karibuni. Katika nchi kadhaa hifadhi za mbegu hazikuangamizwa na ukame wala na wadudu. Ziliangamizwa na vita na uporaji. Lakini kabla ya kuitazama historia hiyo, yafaa ieleweke kwanza kwamba mbegu ni kitu gani, na kwa nini haiwezi kuwekwa ghalani na kusahauliwa kama chuma.

Mbegu ni mmea mchanga uliolala. Ndani ya ganda lake mna kiinitete, yaani mche mdogo kabisa, pamoja na chakula kilichowekwa humo na mmea mama. Punje ya kunde ikilowekwa usiku mmoja na kupasuliwa kwa uangalifu, mche huo huonekana kwa macho, ukiwa na kijizizi chake na vijani viwili. Mche huo u hai, ila shughuli za uhai ndani yake zimepunguzwa hadi karibu kusimama. Joto na unyevu vikizidi, sehemu zake nyeti huchakaa upesi, ukungu na wadudu hushambulia, na mche hufia ndani ya ganda bila kuonekana.

Wataalamu wanayo kanuni moja nyepesi, ijulikanayo kwa jina la Harrington, inayosaidia kukadiria maisha ya mbegu nyingi. Kila unyevu wa mbegu unapopunguzwa kwa asilimia 1, maisha yake ghalani huongezeka mara mbili. Vile vile, kila joto la ghala linapopunguzwa kwa nyuzi 5 za sentigredi, maisha hayo huongezeka mara mbili tena. Kanuni hiyo ina mipaka yake, lakini inatosha kuonyesha kwamba maadui wakubwa wa mbegu ni wawili, unyevu na joto. Wazee waliotundika mahindi ya mbegu juu ya meko hawakuisoma kanuni hiyo katika kitabu chochote. Hata hivyo walijua kwamba mbegu iliyokauka vizuri, na iliyopata moshi wa kufukuza wadudu, ndiyo itakayoota msimu ujao.

Uwezo wa mbegu kavu kungoja ni wa ajabu. Katika ngome ya kale ya Masada, kando ya Bahari ya Chumvi, wachimbaji wa mambo ya kale walipata kokwa za tende zilizokaa katika ukame wa jangwa kwa miaka ipatayo 2,000. Mwaka 2005 mojawapo ilipandwa, ikaota na kuwa mtende. Wale walioilinda ngome hiyo dhidi ya majeshi ya Warumi walikwisha kupotea zamani, lakini mche uliokuwa katika chakula chao ulikuwa ungali hai.

Benki za mbegu haziwezi kutegemea bahati ya jangwa. Mbegu zikifika husafishwa, kisha hukaushwa polepole katika chumba chenye hewa kavu na baridi ya wastani, hadi unyevu wake unapobaki asilimia chache tu. Baada ya hapo hufungwa katika pakiti zisizopitisha hewa na kuwekwa katika majokofu yenye baridi ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri. Kazi haiishii hapo. Kila baada ya miaka kadhaa punje chache hutolewa na kuoteshwa ili kupima uhai wake. Kwa desturi ya kimataifa, sampuli nyingi zikishindwa kuota kwa kiwango cha asilimia 85, huonekana kwamba wakati umefika wa kuzipanda upya shambani ili kupata mbegu changa. Kwa maneno mengine, benki ya mbegu ni kama kikosi cha akiba: hukaguliwa, hupimwa, na wanaochoka hupata wa kuwapokea.

Aidha, si kila mbegu inayokubali kuhifadhiwa hivyo. Kokwa ya embe, nazi na mbegu ya kakao zina maji mengi, nazo hufa zikikaushwa. Mimea ya aina hiyo hulindwa ikiwa miti iliyo hai katika bustani na misitu. Kwa hiyo benki ya mbegu haiwezi kuchukua nafasi ya msitu. Ni msaada wa msitu na wa shamba, wala si badala yake.

Ama kuhusu vita, funzo la karibu kabisa linatoka Rwanda. Nchi hiyo ina utajiri mkubwa wa maharage, na wakulima wake wana desturi ya kupanda mchanganyiko wa aina nyingi katika shamba moja, ili mvua ikiwa haba au ugonjwa ukiingia baadhi zipone. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 mamia kwa maelfu ya watu waliuawa, wengine wengi wakakimbia, mashamba yakaachwa na vituo vya utafiti vikaporwa. Kwa bahati njema, sampuli za maharage ya Rwanda zilikuwa zimekwisha kuhifadhiwa mbali, katika kituo cha kimataifa cha utafiti huko Cali, nchini Kolombia. Mwaka huo huo ulianzishwa mpango ulioitwa Mbegu za Matumaini, ambao ulizidisha mbegu zinazoifaa Rwanda katika nchi nyingine za Afrika ili zirudishwe kwa wakulima.

Watafiti walipokwenda vijijini baadaye walikuta jambo jingine la kuzingatiwa. Aina nyingi za maharage zilikuwa zimesalimika mikononi mwa wakulima wenyewe na katika masoko ya vijijini. Familia nyingi zilikosa fedha za kununulia mbegu kuliko zilivyokosa aina za mbegu. Jambo hilo halipunguzi thamani ya benki. Linaonyesha kwamba ulinzi wa kweli una tabaka mbili: hifadhi ya mbali kwa siku ya maangamizi, na mkulima aliye salama shambani kwake kwa siku zote nyingine.

Nje ya Afrika Mashariki iko mifano miwili inayokamilisha funzo hilo. Katika Syria, karibu na mji wa Aleppo, kilikuwapo kituo kikubwa cha kuhifadhi mbegu za ngano, shayiri, dengu na mimea mingine ya nchi kavu. Vita vilipokaribia, wataalamu waliharakisha kupeleka nakala za mbegu zao nje ya nchi, nyingi zikienda katika ghala la Svalbard, lililochimbwa ndani ya mlima wenye barafu kaskazini ya mbali ya Norwei na kufunguliwa mwaka 2008. Mwaka 2015 kituo hicho kilikuwa cha kwanza kuomba kurudishiwa amana yake huko Svalbard. Mbegu zilizotolewa zilipandwa upya Lebanoni na Moroko, na tangu mwaka 2017 nakala mpya zimerudishwa Svalbard.

Mfano wa pili ni wa huzuni. Mwaka 2002 iligunduliwa kwamba mbegu za Afghanistan, zilizokuwa zimefichwa katika nyumba za miji ya Ghazni na Jalalabad wakati wa vita, zilikuwa zimemwagwa sakafuni na kuchanganyika. Waporaji hawakuzihitaji mbegu. Walitaka chupa na mitungi iliyokuwa imezihifadhi. Kazi ya miaka mingi iliangamia kwa ajili ya vyombo vya jikoni. Tukio hilo linafaa kukumbukwa na kila askari atakayewekwa lindo katika jengo asilolijua. Mali iliyomo ndani yaweza isiwe na bei yoyote sokoni, na bado ikawa haiwezi kununuliwa tena kwa fedha zote za serikali.

Hatari nyingine haingoji vita. Katika maeneo makavu ya Kenya, Tanzania na Uganda huota mti mdogo uitwao msandali, ambao mafuta yake hutumika katika manukato. Mti huo una mmea dume na mmea jike mbalimbali, na ni jike tu azaaye mbegu. Tena hutegemea mizizi ya mimea jirani ili upate sehemu ya chakula chake, kwa hiyo kuuotesha bustanini si kazi rahisi. Kwa kuwa mafuta hupatikana pia mizizini, wavunaji wa magendo hawakati tawi, bali huung'oa mti mzima. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa msandali wa porini mwaka 2007. Mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki uliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Hapa ndipo kazi ya polisi wa mpakani inapokutana na kazi ya mtaalamu wa mbegu. Mkusanyaji mwadilifu huchukua mbegu kutoka miti mingi iwezekanavyo, wala hazidishi sehemu ya tano ya mbegu zilizokomaa siku hiyo, ili nyingine zibaki kuota porini. Miti ikiwa imekwisha kung'olewa kabla hajafika, atapata mbegu za miti michache yenye damu moja, au asipate kitu. Lori la magogo linalokamatwa njiani limekwisha kubeba miti iliyokufa, hilo ni kweli. Lakini lori linalokamatwa leo humfanya mfanya magendo asite kesho, na miti iliyobaki ikapata kuzaa.

Rwanda inatoa mfano mwingine unaowahusu polisi. Mwaka 1987 mtaalamu wa Kijerumani, Eberhard Fischer, aligundua huko Mashyuza, kusini-magharibi ya nchi hiyo, yungiyungi dogo kuliko yote yajulikanayo duniani. Majani yake huweza kuwa na upana wa sentimita 1 tu, nalo liliota katika tope linalolowa maji ya chemchemi ya moto. Maji yalipoelekezwa kwingine, tope likakauka, na kufikia mwaka 2008 yungiyungi hilo likahesabiwa kuwa limetoweka porini. Lilisalimika kwa sababu mimea michache ilikuwa imepelekwa mapema katika bustani ya Bonn, Ujerumani. Kutoka huko mbegu zilifika bustani ya Kew, London, na mwaka 2009 mkulima wa bustani hiyo, Carlos Magdalena, alifaulu kuzikuza. Januari 2014 mmea mmoja uliibiwa huko Kew, na polisi wa London wakafungua uchunguzi kama ambavyo wangefanya kwa kito cha thamani. Kisha mwaka 2023 watafiti waliliona tena yungiyungi hilo likiota Rwanda, katika eneo lake la asili.

Mambo hayo yote yanaonyesha njia moja. Akiba ya mbegu hudumu pale tu inapokauka na kupoa ipasavyo, inapokaguliwa bila kuchoka, inapokuwa na nakala mahali pengine, na pale chimbuko lake porini na shambani linapolindwa. Mtaalamu aweza kufanya mambo matatu ya kwanza. La nne hawezi kulifanya peke yake. Hata katika yale matatu humtegemea mlinzi wa usiku anayetambua kwamba umeme umekatika na majokofu yamenyamaza, naye akapiga simu badala ya kungoja asubuhi.

Tahadhari ni kabla ya hatari. Uko ulinzi wa aina nyingi ambao matunda yake huonekana siku ile ile: mhalifu amekamatwa, au mpaka umetulia. Ulinzi wa mbegu matunda yake huja baada ya miaka mingi, pengine kwa watu ambao hawajazaliwa, siku ambayo ukame au ugonjwa utayamaliza mazao yaliyozoeleka na wakulima watahitaji aina iliyosahauliwa. Siku hiyo pakiti moja ya wimbi itatolewa katika baridi, na punje zake zitawekwa udongoni. Zitaota ikiwa kila aliyekabidhiwa mlango ule, kwa zamu yake, alijua kwamba nyuma yake kuna viumbe hai.