Siku Moja Maungu na Shanta Mgongoni

Wengi wenu mwaijua Maungu kwa dirisha la basi: malori yamepanga foleni kando ya barabara kuu, vibanda vya chai, udongo mwekundu, kisha Voi. Nasi tuliijua hivyo, hadi Jumamosi iliyopita tuliposhuka hapo saa mbili asubuhi pamoja na rafiki yetu wa tangu chuoni.

Nia yetu ni kuuzunguka mlima wa Kasigau kwa siku tatu, tukilala vijijini na kubeba vyetu wenyewe. Kasigau uko kusini ya Maungu, na kimo chake chapita mita 1,600. Hatujapata kufanya safari ya namna hiyo, basi tukaona ni heri tujaribu siku moja kwanza, tena kwa mizigo ileile. Kaka yake rafiki yetu alituendesha kutoka Mombasa, akabaki mjini na gari. Mzee mwenyeji akakubali kutuongoza kilimani. Nyika hii iko baina ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu hupita humo wapendapo, hawabishi hodi.

Usiku wa kuamkia safari tulikuwa tumepima mashanta. La rafiki yetu lilikuwa kilo 11, na ndani yake mlikuwa na sufuria mbili, blanketi, kanga tano na maji lita 2. La kwetu lilikuwa kilo 9, na kilo 4 kati ya hizo zilikuwa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja kamili, na ndiyo maana mtu apunguzapo mzigo hushawishika kuanza na maji. Tulimwambia. Akacheka, akasema kilima chenyewe ni hicho hapo, chaonekana kutoka barabarani.

Tulipokuwa tukitoka mjini tulipishana na mama mmoja amejitwika dumu la lita 20, mkono mmoja ameshika mtoto. Hatukulalamika tena habari za mabega kwa muda wa nusu saa.

Baada ya hapo tulilalamika. Mkanda wa shanta hufungwa nyongani ili nyonga ndizo zibebe uzito, lakini juu ya baibui pana ulikuwa ukiteleza kila hatua, na pindo likakamatwa na miiba ya migunga. Mara ya pili rafiki yetu alipoangukia magoti, tukaazimia: Kasigau tutakwenda na suruali pana, kanzu nzito ifikayo chini ya magoti, na mtandio wa kubana kwa pini. Sitara haikupungua, na mguu utaona unapokanyaga.

Saa tano, kilele kikiwa bado juu yetu, chupa za rafiki yetu zilikuwa tupu. La kwetu lilikuwa na lita 2 na ushei, sasa kwa watu wawili. Yule mzee alikuwa na maji yake, lakini si haki kuyahesabu. Tulikuwa tumewekeana sharti nyumbani: nusu ya maji ikiisha, twageuka. Rafiki yetu alikasirika kwelikweli. "Tumeamka saa tisa usiku, tufike hapa turudi?" Hatukumjibu neno, tukammiminia maji, tukaketi kivulini mwa mwamba.

Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba kilima hiki hakikuwa mchezo kwa wazee wetu. Misafara ya pwani iliyokwenda Taita, Taveta na bara ya mbali ilivuka nyika kavu ya Taru, kila mpagazi na mzigo wa kilo 30 hivi, ikifika Maungu na kiu. Na maji ya Maungu yalikuwa juu kilimani, kwenye mashimo ya miamba. Mtu aliyekwisha kuchoka alilazimika kupanda ndipo anywe. Joseph Thomson alipita njia hiyo mwaka 1883 na wapagazi wa pwani. Rafiki yetu akasikiliza, kisha akainuka na kuanza kushuka bila ya kuambiwa.

Adhuhuri ilituingilia njiani. Akauliza kama tutayamamu, kwa kuwa maji yaliyobaki ni ya kunywa. Tayamamu ingefaa mwenye kuhofia kiu asiye na njia nyingine, lakini wakati ulikuwa mpana na mji wenye maji uko chini yetu. Tukashuka, tukatawadha mjini, na kwa kuwa ni wasafiri waliotoka zaidi ya kilomita 100, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, rakaa mbili mbili. Kasigau huenda hali ikawa nyingine. Suala hilo tumelipeleka kwa ustadhi wetu kabla ya kufunga mizigo.

Kushuka ndiko kulikomtesa zaidi. Viatu vyake vilikuwa vipya, vya kumkaa sawasawa dukani, na mteremkoni vidole vilisukumwa mbele hata vikatoka malengelenge. Sasa avivaa kila siku akipika na kupanda ngazi za nyumbani, na mumewe amezoea kicheko.

Jana aliniletea shanta lake tulipime tena. Sufuria imebaki moja, kanga mbili, maji lita 5. Kilo 10 na nusu. Mwezi ujao twarudi Maungu, na mzee ameahidi kutungoja mahali palepale.